Sentensi ya Wino wa Kijani

Mimi siibi watu. Naanza na hilo kwa sababu Jumamosi ile, sebuleni kwa mama wa mchumba wangu, niliitwa mwizi kabla sijapata pa kukaa.

"Shikamoo Mama," nilisema nikiwa bado mlangoni.

"Kaa," alinijibu.

Nilitafuta pa kukaa. Sebule ile ilikuwa pia chumba cha kazi. Cherehani ilikuwa chini ya dirisha, na sketi za shule zilizokatwa zilikuwa zimerundikwa kwenye meza ya kulia. Mama mwenyewe alikuwa na futi ya kupimia shingoni, mkononi ana sketi anayoitia pindo. Ameshona kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa cherehani hiyo hiyo ameinua watoto wawili bila mume. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kushonea, akakigeuza kinitazame. Kwenye kochi alikuwepo dada mkubwa wa mchumba wangu, muuguzi, ametoka zamu na sare bado mwilini. Karibu naye alikaa mjomba wao, karani wa mahakama mstaafu, ambaye alifunga vifungo vyote vya koti kana kwamba hakimu alikuwa njiani.

Na Nukta. Yeye alisimama karibu na kabati, mikono mifukoni, macho chini. Wenzake kwenye kiwanda cha uchapaji walimpa jina hilo kwa sababu hakuna nukta iliyowahi kumponyoka katika kitabu chochote. Wiki tatu zilizobaki kabla ya ndoa yetu nilikuwa nikizihesabu kwa vidole kama mtoto anayesubiri likizo. Siku ile hakuniangalia.

"Mwizi mwenyewe amefika," dada alisema. Magotini alikuwa na bunda la karatasi nilizozijua hata kwa mbali. Zilikuwa za riwaya yangu.

"Taratibu," mjomba aliingilia. "Mshtakiwa asomewe kwanza."

"Mshtakiwa wa nini, Mjomba?" niliuliza.

"Utasikia. Msomee, mwanangu, ukurasa wa mia na kumi na moja."

Dada akasoma. Ana sauti nzuri ya kusoma, sitamnyima sifa yake. Alisoma pale ambapo kijana wa kwenye riwaya anamwambia mama yake kwamba amepata mchumba, na mama anamjibu: "Nimekulea peke yangu. Mwanamke atakayekuja atanikuta kwenye kiti hiki, na sitasogea hata kidogo."

Alipomaliza, chumba kizima kilinigeukia, isipokuwa mtu mmoja.

"Hayo ni maneno yangu," Mama alisema polepole. "Niliyasema mara moja tu tangu nizaliwe. Mlango ulikuwa umefungwa, na tulikuwa wawili, mimi na huyu mwanangu. Sasa nieleze wewe umeyapata wapi."

"Mimi nilikuwa namsomea tu apumzishe macho," dada alisema. "Yeye anashona, mimi nasoma, tunacheka. Tena kitabu kilikuwa kinaninogea, nisiwe mwongo. Nilipofika hapo cherehani ikanyamaza. Namtazama, machozi yanamdondokea kwenye sketi za watu."

Nilimtazama Nukta tena. Alikuwa anausoma msumari wa ukutani kama vile una makosa.

Nitaeleza sasa, maana ukweli wa jambo lile ulikuwa ndani ya mkoba wangu, na mkoba ulikuwa magotini mwangu, kwenye kiti cha mezani nilichokuwa nimekikalia.

Kabla kitabu hakijachapwa hutolewa prufu, karatasi za majaribio. Nukta kazi yake ni kuzisoma prufu kwa kalamu ya wino wa kijani, anafuta hapa, anaongeza pale, anauliza swali pambizoni. Kisha zinakuja kwa mwandishi. Mwandishi akiridhika anaweka sahihi chini ya kila ukurasa, na kuanzia hapo kila neno ni lake, hata lile lililoandikwa na mwingine. Prufu za pili hutoka zikiwa safi, wino wa kijani umekwisha kugeuka maandishi ya mashine. Hizo ndizo Nukta alizozileta nyumbani kuzimalizia, kwa kuwa kitabu kilikuwa kinaingia mtamboni Jumatatu, akaziacha mezani akaenda kuoga. Kosa la mtu anayeishi na karatasi, anasahau kwamba nyumbani kuna watu wanaojua kusoma.

Prufu za kwanza hunirudia mimi, na asubuhi ile Nukta alikuwa amenipigia simu kunieleza tu kwamba nyumbani wamesoma ukurasa wa mia na kumi na moja, ndiyo maana nilikuja nao. Na kwenye ukurasa wa mia na kumi na moja wa prufu hizo za kwanza, mama wa riwaya yangu hakusema hayo. Nilimwandikia hivi: "Mwanangu, tafadhali usiniache." Sentensi hiyo ilikuwa imepigwa mstari wa kijani. Juu yake, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima, yalikuwepo maneno ya kiti.

Nilipoyaona mara ya kwanza nilikuwa chumbani kwangu, peke yangu kama kawaida. Naishi chumba kimoja juu ya duka la vioo. Meza yangu inatazama ukuta kwa sababu dirisha linaniibia muda. Ninapoandika mazungumzo huyasema kwa sauti, sauti ya mwanamume na ya mwanamke, na siku moja jirani aligonga mlango akitaka kuwapatanisha mume na mke ambao hawakuwepo. Ndiyo maisha yangu. Watu huniuliza nitaandika lini kitu cha maana. Nilipokuwa chuoni nasomea stashahada, mkufunzi mmoja aliniambia nina lugha nzuri, nisiimalizie kwenye mambo ya kupendana. Nikamjibu kwamba hao wanaoshona, wanaouguza, wanaorudi nyumbani miguu imevimba, nao wana moyo, na wana haki ya kuusoma moyo huo kwa lugha waliyonyonyeshwa nayo. Alininyima alama. Sikumlilia. Kiswahili changu sijakiazima kwa mtu, na sikioni haya ninapokivisha nguo za mapenzi.

Upweke pia sikuuonea haya, mpaka alipokuja Nukta. Tulijuana kwa pambizo. Kwenye kitabu changu cha kwanza aliandika: "Hapa mwandishi ametumia neno 'huzuni' mara nne. Je, ana hali gani?" Nikajibu chini yake: "Mwandishi yuko salama, msomaji ashughulike na koma." Kitabu cha pili, ukurasa wa mwisho, wino wa kijani uliuliza: "Je, mwandishi ana uhakika anataka kuishi peke yake hadi mwisho?" Niliikalia karatasi ile siku nne. Kisha nikaandika: "Hana uhakika." Wanawake wengine huposwa kwa maua. Mimi niliposwa kwa alama ya kuuliza.

Kwa hiyo nilipoiona sentensi ya kiti nilijua hapo hapo kwamba hakuitunga. Nukta si mtungaji. Ilikuwa na joto la mdomo wa mtu aliye hai. Niliisoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza mama wa riwaya yangu alisimama mle chumbani akanitazama usoni. Nikaweka sahihi.

"Umenyamaza," mjomba alisema. "Mahakamani kunyamaza nako huandikwa."

"Naomba maji ya kunywa," nilisema.

"Jikoni unapajua," dada alinijibu. "Siku hizi unajua mpaka yanayosemwa vyumbani."

Nikainuka na mkoba wangu. Nilikuwa sijafungua bomba nikasikia hatua zake nyuma yangu. Jikoni kwao ni padogo, watu wawili wakiingia lazima wagusane mabega. Mara nyingine tulikuwa tukitafuta sababu ya kuingia mle. Siku ile alisimama mlangoni.

"Umeileta?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Iko hapa."

"Unataka kuwaonesha?"

"Wewe unataka niwaoneshe?"

Alipitisha kiganja usoni, na nikaona vidole vyake vina madoa ya kijani kama siku zote, nikatamani kuvishika. Kumkasirikia mtu unayempenda ni kazi ngumu.

"Nikimwambia ni mimi, ataumia mara mbili," alisema. "Wewe ni mgeni. Mgeni akimkosea mtu, inauma, inapoa. Mimi ni mtoto wake."

"Kwa hiyo nibebe mimi."

"Omba radhi tu. Neno moja. Jumatatu asubuhi nitaifuta ile sentensi kabla mtambo haujawashwa, nitarudisha yako ya zamani. Wiki tatu tunaoana. Yanakwisha."

"Sentensi yangu ya zamani ni mbovu."

"Ni sentensi tu, mpenzi."

"Nukta, ulinipendea nini?"

"Si wakati wake."

"Ndiyo wakati wake. Ulinipendea nini?"

Alinitazama, mara ya kwanza tangu nifike. Macho yake yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na yakinitazama sawasawa huwa nasahau nilichotaka kusema. Safari hii sikusahau.

"Huogopi kusema," alisema. "Unasema kitu, kinakaa ulivyokisema."

"Halafu unataka kunioa nikiwa mtu mwingine."

Sebuleni tulisikia mjomba akikohoa kikohozi cha kutuita.

Nikafungua mkoba. Nikatoa karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, nikaiweka mkononi mwake.

"Mimi sikushtaki kwa mama yako. Sianzi leo na sitaanza kesho. Hii ni yako. Ukitaka ichane, uiwashie jiko. Ila mimi sitasema nimefanya ambacho sikufanya. Wakiniuliza, nitanyamaza. Ndoa ikifia kwenye ukimya huo, itakuwa imefia hapo."

"Unaniadhibu."

"Nakuachia kalamu," nilisema, nikampita. Bega langu liligusa lake, na mwili wangu wote ulitaka kubaki pale.

Nilirudi kukaa. Mama alikuwa amerudia pindo lake, lakini sindano haikuwa inaenda mbali. Nilimwangalia, na niseme kweli, nilimpenda. Nilimpenda tangu siku ya kwanza aliponipima kiuno kwa macho akataja ukubwa wa gauni langu bila kukosea. Mwanamke wa namna ile huwezi kumwandika ukamdharau.

"Mwanangu," mjomba alianza, akinigeukia kwa upole wa watu waliozoea kusuluhisha, "kazi yako tunaiheshimu. Mimi mwenyewe nimekisoma kile cha kwanza."

"Ulikisoma lini, Mjomba?" dada aliuliza.

"Nilikikuta kwa... kwa mke wa binamu yako. Nilikipitia pitia."

"Ulilia?"

"Jicho lilikuwa linaniwasha. Tusitoke kwenye mada."

Hata Mama alitaka kucheka, nikamwona akiuma uzi ili asicheke. Nadhani hapo ndipo yangeweza kuisha kirahisi, lau ningekuwa mtu wa kirahisi.

"Huyu kosa lake ni kukaa peke yake," dada alisema, hana tena ukali mwingi. "Mtu akiishi na ukuta anadhani watu wote ni ukuta, wa kuchorwa tu. Wifi, watu wana aibu zao."

"Najua, Dada."

"Basi mbona unakuwa mgumu?"

Ndipo Nukta alipoingia. Hakwenda kwenye kabati. Alikwenda moja kwa moja mpaka mezani, akasogeza sketi, akaikunjua ile karatasi mbele ya mama yake, akailaza kwa viganja viwili.

Mama hakuhitaji miwani. Mwandiko ule aliufundisha mwenyewe, kwa chaki, nyuma ya mlango wa chumba kile kile. Alisoma sentensi iliyofutwa. Akasoma iliyo juu yake. Kidole chake kilifuata herufi za kijani moja moja kama anayehesabu vishono.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, Mama. Yeye sikumwambia kitu. Sikuwahi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nasahihisha." Alionesha kwa kidole ile sentensi iliyofutwa. "Mama wa kwenye kitabu alikuwa anabembeleza. Nikaona hapana, mama habembelezi hivi. Mkono ukaandika wenyewe. Nilipomaliza ndipo nikajua nimeandika nini."

"Miaka saba," Mama alisema.

"Miaka saba."

"Yule msichana wa benki."

"Nilimwacha kesho yake. Sikukujibu siku ile, Mama. Nilitoka nikaenda kazini. Sijawahi kukujibu."

Dada alishusha bunda la karatasi polepole, akaliweka sakafuni. Alikuwa anamtazama mdogo wake kama mtu anayeona jeraha ambalo kila siku alilipita bila kulifunga, na yeye ni muuguzi. Mjomba alifungua kifungo kimoja cha koti.

Mama aliikunja karatasi. Aliikunja vizuri, pembe juu ya pembe, mkono wa mtu aliyezoea vitambaa. Nilidhani atalia. Badala yake alinigeukia mimi.

"Na wewe. Ulipoyaona maneno haya, ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Wote walikuwa wananisubiri niseme hivyo. Hata Nukta alinitazama kwa macho yanayoniambia: sema hukujua, tutoke hapa salama.

"Nilijua," nilisema. "Sikujua ni siku gani wala ni kwa ajili ya nani. Lakini nilijua yametoka kwako."

"Ukayaacha."

"Nikayaacha. Nikaweka sahihi."

"Bila kuniuliza."

"Bila kukuuliza, Mama."

"Basi kosa ni lenu wote wawili," mjomba alisema haraka, kama aliyeona mlango uko wazi. "Safi kabisa. Kijana ameshakiri. Binti naye aombe radhi, tunafunga jalada, tunanywa chai."

"Mwanangu nitamsamehe," Mama alisema, macho hayaniachi. "Ni wangu, sina pengine pa kumpeleka. Lakini wewe nataka nikusikie. Sema 'nisamehe Mama'. Na Jumatatu maneno yangu yatoke kwenye kitabu. Ukisema hivyo, gauni lako la harusi nalishona mwenyewe, na kitambaa nimeshanunua. Usiposema, kwenye ndoa hiyo hamtaniona."

Kitambaa. Hakunitisha alipotaja kutokuja. Alinitisha alipotaja kitambaa, kwa sababu nilielewa kwamba alikuwa amenikubali zamani, kimya kimya, kabla ya siku ile, na kwamba ninachoweza kukipoteza tayari kilikuwa changu.

Nukta alivuta kiti akakaa karibu nami. Hakunishika mkono. Aliuweka wake juu ya meza, karibu na wangu, wazi, mbele ya mama yake.

"Akisema au asiposema," alimwambia mama yake, "mimi namwoa."

"Sijazungumza na wewe," Mama alijibu. "Nazungumza na huyu mwenye maneno."

Nina uwezo wa kuandika radhi za kila namna. Wanaume wasaliti wa riwaya zangu nimewaandikia radhi zinazoliza mpaka wapiga chapa. Ningeweza kumpa Mama radhi nzuri kuliko zote, yenye pambo na mwisho mtamu, na angeipokea, na ingekuwa uongo. Ningeingia nyumbani kwake nikiwa na uongo mkononi badala ya zawadi.

"Mama," nilisema, "naomba unisikilize mpaka mwisho, halafu ukinifukuza nitaondoka na miguu yangu. Nimeandika mama wakwe wengi. Wote walikuwa wabaya au walikuwa wanalia. Niliwaandika hivyo kwa sababu nilikuwa sijakutana na mmoja aliyeniambia kweli. Yule wa ukurasa wa mia na kumi na moja ndiye wa kwanza ambaye msomaji atamwogopa na kumpenda kwa pamoja. Hakuna atakayejua ni wewe, lakini mama yeyote aliyelea peke yake akifika hapo atasimamisha kazi yake kama ulivyosimamisha yako. Kwa sababu ni kweli. Nimekaa kwenye meza inayotazama ukuta miaka sita nikitafuta sentensi moja ya namna hiyo, na nilipoipata sikuitupa. Jumatatu itaingia mtamboni kama ilivyo."

"Wifi," dada alinong'ona.

"Namalizia, Dada. Mama, nimekusikia. Umeumia, na naona umeumia. Kesho nitakuja kukusalimia, na keshokutwa nitakuja. Ukiniambia nikae nje ya mlango, nitakaa nje ya mlango. Ukizeeka nitakutungia uzi kwenye sindano. Lolote utakaloniambia nikufanyie kama mtoto wako, nitalifanya, ndoa iwepo au isiwepo. Hilo unalolitaka ndilo nisilo nalo."

"Neno moja tu," mjomba alisema, karibu ananibembeleza. "Neno moja, mwanangu, halijazi hata kijiko."

Mama alikaa wima kwenye kiti chake, sindano katikati ya vidole, ananisubiri.

"Hapana, Mjomba," nilisema, nikimtazama Mama. "Siombi radhi."